Mvua Inanyesha, Ardhi Hainywi

Mvua zinapochelewa katika Kaunti ya Nakuru, lawama zote huelekezwa mbinguni. Zinaponyesha kwa kishindo na kubomoa barabara, mbingu hulaumiwa tena. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali lililo muhimu zaidi: je, tone la mvua likishaanguka, ardhi hulipokea au hulifukuza?

Tuuchukue Mto Njoro kuwa mfano. Mto huu huchimbuka katika miinuko ya Mau Mashariki, hupita karibu na Chuo Kikuu cha Egerton, kisha huteremka hadi Ziwa Nakuru. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Siku hizi sehemu zake za chini hukauka wakati wa kiangazi, na mvua kubwa ikinyesha hufurika ghafla kwa maji ya matope. Misiba hii miwili yaonekana kupingana, lakini kwa kiasi kikubwa ina mzazi mmoja.

Chini ya msitu wa asili, mvua hupokewa kwanza na majani, kisha na zulia la majani makavu na mboji. Mizizi na minyoo huwa imeutoboa udongo matundu yasiyohesabika, na maji hupenya humo taratibu hadi chini. Ardhi ya namna hiyo ni kama mtungi: huhifadhi maji ya masika, kisha huyatoa kidogo kidogo kupitia chemchemi hata katika miezi ya ukame.

Mwaka 2001 Serikali iliondoa zaidi ya hekta 35,000 katika hifadhi ya msitu wa Mau Mashariki ili watu wapewe makazi. Palipokuwa na miti pakawa na viazi, mahindi na malisho. Simlaumu mkulima, naye ana watoto wa kulisha. Lakini udongo ulioachwa uchi hupigwa na matone mpaka chembechembe zake zinaziba matundu yaliyokuwa wazi. Kwato za mifugo na magurudumu ya trekta huushindilia. Jembe linalolima kina kile kile kila mwaka huacha tabaka gumu chini yake. Maji, yakikosa pa kuingia, hukimbia juu kwa juu yakibeba rutuba na kuchimba makorongo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nisieleweke vibaya. Ziwa Nakuru, ambalo lilikaribia kukauka katikati ya miaka ya 1990, limefurika tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 hata likameza lango kuu la mbuga. Sababu kubwa ya kufurika huko ni ongezeko la mvua, wala si ukataji wa miti peke yake. Hata hivyo, ardhi isiyonywa huharakisha maji na udongo kuelekea ziwani, na huongeza uzito wa mzigo uliokwisha kuwa mzito.

Nasi walimu na wanafunzi tumo katika kosa hili. Darasani huchora mzunguko wa maji ubaoni kwa chaki za rangi. Nje, kila asubuhi, twafagia kiwanja mpaka kinang'aa, pasiwe na unyasi wala jani. Usafi huo ndio uliofunga mlango wa maji.

Asiyeamini na ajaribu. Chukueni mikebe miwili iliyokatwa pande zote mbili. Didimizeni mmoja kwenye kiwanja kinachofagiliwa, mwingine chini ya mti wenye majani yaliyooza. Mimineni maji ya kiasi sawa, kisha tazameni saa. Aghalabu mkebe wa pili utakuwa umekauka huku wa kwanza ukiwa bado una maji. Hilo ndilo somo zima la Mto Njoro.

Dawa zake si ngeni. Matuta ya "fanya juu", yaliyopata sifa Machakos, yamepeleka jina lake la Kiswahili katika vitabu vya kilimo vya mataifa mengi. Mabua yaachwe shambani yafunike udongo. Kingo za mito zipandwe miti ya kienyeji badala ya mikaratusi inywayo maji mengi. Na msitu uliobaki ulindwe.

Shule nazo zianze na kona moja ya kiwanja, iachwe iote nyasi. Mvua ijayo itatuonyesha tofauti.