Mtoto Hajasema Bado: Anza na Masikio

Katika vijiji vya Upare, mama mwenye mtoto wa miaka miwili anayesema "mama", "baba" na "mai" basi, hakosi washauri. Bibi mzaa baba atamtuliza: "Hata baba yake alichelewa, mwanangu. Atasema tu." Jirani atamfungua mtoto kinywa, amulike kwa tochi ya simu, atangaze kwamba ni kimeo na kikatwe. Mwalimu wa chekechea mjini Same naye atauliza nyumbani wanazungumza lugha gani. Akijibiwa Kipare na Kiswahili, atashauri waache moja.

Kati ya hao watatu, bibi ndiye anayeukaribia ukweli, ingawa hajaufikia. Tafiti za nchi mbalimbali zinakadiria kwamba katika kila watoto kumi wa miaka miwili, mmoja hadi wawili huwa wamechelewa kuzungumza, wavulana wengi kuliko wasichana, na mara nyingi hali hiyo hufuata ukoo. Zaidi ya nusu yao huwafikia wenzao kabla ya kuanza shule. Asilolisema bibi ni kwamba wapo wasiowafikia, na hesabu ya maneno peke yake haitoshi kuwatambua. Linalowatambulisha ni lile mtoto analolielewa, na namna anavyowasiliana kabla maneno hayajaja.

Tazama jioni ya makande. Bibi amepakata ungo, anachambua maharage na kutupa vijiwe, wajukuu wawili wa rika moja wako miguuni pake. Kila mmoja ana maneno matatu tu. "Niletee kikombe," anasema bibi, bila kuonyesha kwa mkono. Wa kwanza anainuka, analeta kikombe. Kuku anapoingia jikoni, anavuta khanga ya bibi, anamnyooshea kuku kidole, kisha anamtazama bibi usoni kuona kama naye ameona. Wa pili anaitwa jina mara tatu wala hageuki. Anapanga maharage kwa mstari, na akitaka chakula anaukamata mkono wa bibi na kuusogeza kwenye sufuria bila kumwangalia. Wa kwanza ana lugha tayari kichwani, mdomo ndio unaosuasua. Wa pili anahitaji kuonwa na mtaalamu mwezi huu, si mwakani.

Na kimeo? Kukata kimeo ni desturi ya sehemu nyingi za Tanzania, na watumishi wa afya wamekuwa wakiipinga kwa muda mrefu, kwa kuwa watoto huvuja damu na kupata maambukizi kutokana na vifaa visivyo safi. Kimeo hakihusiki na kuchelewa kusema. Hata ulimi ulioshikwa na kamba fupi chini yake, kwa baadhi ya watoto, huharibu matamshi ya sauti fulani tu. Haumzuii mtoto kujua maneno wala kujaribu kuyasema.

Kiungo cha kukaguliwa kwanza ni sikio. Hapa wazazi wengi hudanganyika: mtoto anashtuka pikipiki ikipita au mlango ukibamizwa, wakasema anasikia vizuri. Mtoto mwenye upungufu wa wastani anaweza kuisikia ngoma ya harusi na bado zikampita sauti nyembamba kama "s" na "f". Maneno yanamfikia yamekatikakatika, naye hawezi kurudisha asichokipokea. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na visababishi vinavyoweza kuzuilika: masikio yanayotoa usaha bila kutibiwa, surua, homa ya uti wa mgongo, matatizo wakati wa kuzaliwa, na baadhi ya dawa zinazodhuru sikio. Rubela ikimpata mama mjamzito, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi. Ndiyo maana chanjo ya surua-rubela, iliyoingizwa nchini mwaka 2014 na kutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na 18, ni kinga ya masikio pia.

Tambarare za chini ya milima ya Upare, kuanzia mashamba ya mpunga ya Ndungu, zina adui mwingine wa zamani: malaria. Ukanda huu ndiko mradi wa Pare-Taveta ulikopulizia dawa majumbani katika miaka ya 1950 katika jaribio la kuidhibiti. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti waliowafuatilia watoto walionusurika malaria iliyopanda kichwani walikuta baadhi yao wamebaki na upungufu wa lugha miaka kadhaa baadaye. Mtoto aliyewahi kulazwa kwa degedege asiachiwe "atasema tu".

Mwalimu wa chekechea naye hana hoja. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto. Anayesikia Kipare kwa bibi na Kiswahili kwa wazazi anaweza kuwa na maneno machache katika kila moja, lakini yakijumlishwa hulingana na ya wenzake. Kumkataza bibi lugha yake ni kumnyamazisha yule anayeshinda na mtoto kutwa nzima.

Vipimo vya kawaida ni hivi. Mwaka mmoja: anageuka akiitwa, anapunga mkono, ananyoosha kidole. Miezi 18: ana maneno machache yenye maana. Kati ya miaka miwili na miwili na nusu: ana maneno kama 50, na anaunganisha mawili, "mai taka", "baba enda". Kuangusha viambishi si kasoro; Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wanaojifunza Kiswahili nchini Kenya, aliona ni jambo la kawaida katika umri huo. Dalili isiyosubiri umri wowote ni mtoto kupoteza maneno aliyokuwa nayo.

Nyumbani, kazi haihitaji vitabu. Akisema "kuku", ongeza moja: "kuku anakula." Mtajie anachokitazama yeye, si unachotaka atazame. Ukimuuliza, nyamaza kidogo, maana mtoto mdogo huchukua muda kupanga jibu. Kumshika kidevu na kumwamuru "sema maji ndipo nikupe" humfanya akimbie mazungumzo. Simu ya katuni haisaidii: Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku.

Safari ya matibabu huanzia zahanati ya kijiji, kisha Hospitali ya Wilaya ya Same, na ikibidi hospitali ya KCMC mjini Moshi, takriban kilometa 100, kwenye idara ya masikio, pua na koo. Ikithibitika kwamba hasikii, njia hazijafungwa. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya kusikia ndani ya sikio, na wilaya jirani ya Mwanga ina shule ya viziwi ya Kanisa la Kilutheri (KKKT), Dayosisi ya Pare. Lugha ya alama inayoanza mapema haimzuii mtoto kujifunza kusema.

Siku ya kliniki, mzani na chanjo humaliza muda, kwa hiyo mzazi aulize mwenyewe. Abebe kadi ya mtoto, video fupi ya simu akicheza na wenzake, na orodha ya maneno yake yote, ya Kipare na ya Kiswahili. Orodha hiyo isidharauliwe. Mtafiti Katie Alcock na wenzake walipotengeneza kipimo cha maneno ya Kiswahili na Kigiriama huko Kilifi, waliwahoji wazazi kwa mdomo, wasiojua kusoma wakiwamo, na majibu yao yakafaa kutumika kama kipimo.