Kwa Nini Mipango ya Vijana Katika Kaunti Huishia Kuwa Majengo

Ukifungua kitabu cha bajeti ya kaunti kuwatafuta vijana, mara nyingi utawakuta wamewekwa idara moja na michezo, jinsia, utamaduni na huduma za jamii. Chini ya jina lao kuna uwanja wa kusawazishwa, ukumbi wa kujengwa, jezi, mipira, cherehani za kugawiwa vikundi, na warsha ya siku mbili ya kuwanoa katika uongozi. Mwaka wa fedha ukiisha, ripoti hutaja idadi ya waliohudhuria. Kile ambacho kijana anaweza kukifanya leo na hakukiweza mwaka jana hakina safu yake kwenye jedwali.

Wengi huona hapo uzembe wa maafisa, au tamaa ya tenda. Vyote viwili vipo, wala sivitetei. Lakini hata afisa mwaminifu atajikuta anajenga ukumbi, kwa sababu namna pesa zinavyopangwa humsukuma huko. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo. Nia ni njema: pesa zote zisiliwe na mishahara na safari. Tatizo ni kwamba katika uhasibu wa serikali, maendeleo ni kitu kinachoonekana na kubaki, kama jengo, barabara au mashine. Posho ya mlezi anayekutana na vijana wale wale kila Jumamosi kwa mwaka mzima huingizwa kwenye matumizi ya kawaida, pamoja na mafuta ya magari na chai ya ofisini, na huko ndiko kila mtu anakotaka kupunguza. Kwa hiyo ukumbi unapita, mlezi anafyekwa. Kisha ukumbi unafunguliwa kwa utepe na hotuba, na baada ya miezi michache unakodishwa kwa harusi.

Stadi za maisha nazo hazikubali kununuliwa kwa mkupuo. Shirika la Afya Duniani liliziorodhesha katika miaka ya 1990: kufanya uamuzi, kutatua matatizo, kufikiri kwa kina na kwa ubunifu, kuwasiliana, kuhusiana na watu, kujitambua, kuwahurumia wengine, kumudu hisia na kumudu msongo wa mawazo. Hakuna hata moja inayoingia kichwani kwa kusomewa. Kenya ilijaribu kuzifundisha shuleni kama somo lenye kipindi kimoja kwa wiki, lisilotahiniwa. Kila aliyepita katika shule zetu anajua kipindi kisichotahiniwa huenda wapi mitihani ikikaribia: mwalimu wa hisabati hukiomba, na hukirudisha kwa nadra.

Wapo waliolitatua jambo hili zamani, tena katika ngazi ya kaunti. Mnamo 1902, katika Kaunti ya Clark, jimbo la Ohio nchini Marekani, msimamizi wa shule A. B. Graham alianzisha kikundi cha watoto wa wakulima. Walipewa mbegu za mahindi, wakapanda vishamba vyao, wakaandika kumbukumbu, wakakutana Jumamosi kulinganisha walichokiona. Kutokana na vikundi vya aina hiyo ilizaliwa harakati ya vilabu vya vijana ya 4-H, na sheria ya Smith-Lever ya 1914 ikaunganisha kazi ya namna hiyo na vyuo vikuu vya majimbo kupitia maafisa wa ugani waliokaa kaunti kwa kaunti. Kenya iliiga mfano huo mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa vilabu vya 4-K mashuleni. Baadaye vilififia, na serikali ikavizindua upya mwaka 2021.

Siri ya vikundi hivyo haikuwa mahindi. Kijana alikuwa na kitu kinachomtegemea yeye, ambacho kingekufa akikizembea. Aliweka rekodi kwa mkono wake, kwa hiyo hakuweza kujidanganya. Na mtu mzima yule yule alirudi kila mara kumuuliza: ilikuwaje, kwa nini, na sasa utafanyaje? Ondoa huyo wa mwisho, viwili vya kwanza hugeuka kuwa ajira ya watoto. Mbakize yeye peke yake, na vijana watapata mahubiri. Nikipewa mpango wa vijana niusome, hutafuta mambo hayo matatu kabla ya kutazama kiasi cha pesa, na linalokosekana karibu kila mara ni la tatu.

Baada ya ule wa fedha, ugumu wa pili ni wa kikatiba, na wapangaji huupita haraka mno. Kifungu cha 260 cha Katiba ya 2010 kinasema kijana ni mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Lakini tabia za uongozi huanza kujengeka kabla ya hapo, na vijana wa miaka 13 hadi 17 wengi wao wako shule za upili, ambazo Jedwali la Nne la Katiba limeziweka chini ya serikali kuu. Kaunti inayotaka kuendesha klabu ndani ya shule ya upili inaingia uwanja wa mwenzake. Si jambo la nadharia tu: mwanzoni mwa 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti ziwe na makubaliano rasmi na serikali kuu ndipo ziendelee kutoa basari za wanafunzi wa sekondari, na zogo lililofuata liliwafikia wazazi waliokuwa wakisubiri basari hizo.

Basi kaunti ianzie wapi? Jedwali hilo hilo linaipa vyuo vya ufundi vya vijijini. Vijana wanafika hapo kila siku kwa miguu yao, wakijifunza ushonaji, uashi, umeme au ufundi magari, na mwajiri wa walimu wao ni kaunti. Huhitaji kujenga chochote. Tena kipengele kile kile kinachotaja vyuo hivyo kinataja pia vituo vya malezi ya watoto. Sijui ni wapangaji wangapi wamewahi kuyasoma maneno hayo mawili pamoja. Mama wa miaka 19 hakosi mkutano wa kikundi kwa sababu hapendi uongozi. Anaukosa kwa sababu hana wa kumwachia mtoto. Kuweka chumba cha malezi karibu na chuo kungeongeza wasichana katika uongozi kuliko makongamano kumi ya kuwahamasisha.

Tupige hesabu, kwa mfano tu. Kaunti ya Makueni ina wadi 30. Tuseme kila wadi ina walezi wawili, mwanamke na mwanamume, kila mmoja akipewa posho ya shilingi 6,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 4,320,000. Ongeza daftari, nauli na mafunzo ya walezi wenyewe, ufike milioni sita au saba. Kwa pesa hizo, ukumbi mmoja wa mawe unaweza kukwama kwenye linta.

Makueni nimeichagua kwa makusudi. Katika kipindi cha Gavana Kivutha Kibwana, 2013 hadi 2022, ilijulikana nchini kwa kuanzia mikutano ya bajeti vijijini na kuipandisha hatua kwa hatua hadi kaunti nzima, huku wananchi wakichagua kamati za maendeleo. Mfumo kama huo ni darasa la uongozi lililo tayari. Badala ya kuigiza bunge la vijana kwa siku moja, kikundi cha chuo kingepewa mradi mmoja halisi wa wadi yao, tuseme kioski cha maji, wakaufuata mwaka mzima: zabuni ilikuwa ya kiasi gani, bomba lililolazwa ni la kipenyo gani, nani alitia sahihi kwamba kazi imekwisha. Mwenyekiti abadilike kila baada ya miezi mitatu, na mweka hazina vivyo hivyo, ili anayependa kusema ajifunze kuhesabu na anayependa kuhesabu ajifunze kusema.

Uwezo wenyewe upo. Juni 2024, vijana wa Kenya waliuchukua Mswada wa Fedha, wakaufafanua kifungu kwa kifungu mitandaoni, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani kwao, hadi Rais akakataa kuutia sahihi. Ila mswada ni hatua za mwisho. Bajeti ya kaunti huanza kuumbwa mapema: mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti ifikapo 1 Septemba, mkakati wa fedha ifikapo 28 Februari, makadirio ifikapo 30 Aprili. Kikundi kinachowasilisha ombi lake mwezi Mei kinakuta meza imeshaondolewa. Ratiba hii hufundishwa kwa nadra, na ingepaswa kuwa somo la kwanza. Ajabu zaidi, Sheria ile ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ilipounda Jukwaa la Bajeti na Uchumi la kaunti, iliwataja wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na mashirika ya dini. Vijana haikuwataja.

Kupima matokeo kuna mtego wake. Ukimuuliza kijana mwanzoni kama anaweza kuongoza mkutano, atasema bila shaka anaweza, maana hajawahi kuongoza wowote. Mwaka mmoja baadaye, akiwa ameshaongoza minne na mmoja ukamvunjikia mikononi, anajipa alama ya chini, na ripoti inaonyesha programu imemharibu. Maafisa wa ugani huko Marekani huukwepa mtego huu kwa kuuliza maswali yote mwishoni: ukijitazama sasa, ulikuwa wapi wakati ule, na leo uko wapi? Mimi ningeongeza ushahidi usiohitaji maoni ya mtu: kumbukumbu za vikao zinaandikwa bila msaada wa mlezi? Vitabu vya fedha vinalingana? Walioanza wangapi bado wapo mwezi wa tisa?

Linabaki swali la siasa, na hilo ndilo litakaloua mipango mingi. Kikundi kinachokagua kioski cha maji kitafika siku moja kwenye mradi wa mwakilishi wadi mwenyewe. Ikiwa walezi walichaguliwa naye, kikundi kitapelekwa kukagua kitu kingine. Ndiyo maana ningependa walezi wateuliwe na bodi ya chuo, kwa mkataba wa miaka mitatu unaovuka uchaguzi. Mipango ya sasa ya maendeleo ya kaunti, ile ya miaka mitano, inakoma 2027, mwaka ule ule wa kura ya Agosti, na ile ya 2028 hadi 2032 itaandikwa na serikali zitakazoingia. Rasimu zikianza kuzungushwa kwenye wadi, kifungu cha walezi kinapaswa kuwa tayari kimeandikwa, kina bei yake, na kimebebwa na vijana wanaoijua tarehe ya kukiwasilisha.