Treni ya kuchezea: Igeuze uangalie chini kabla ya kulipa

Tangu treni ya umeme ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na baadaye kufika Dodoma, kuna watoto ambao kwao kila kitu kinachopangika mstari ni treni: viatu, vifuniko vya soda, hata viti vya sebuleni. Haishangazi mzazi akienda Kariakoo akaombwa arudi na treni yenye taa na honi.

Kwa kawaida mzazi huuliza bei, kisha huuliza kama inalia. Jambo la kwanza kuangalia liko chini ya treni yenyewe, kwenye kifuniko cha betri.

Treni nyingi ndogo zenye mlio hutumia betri bapa za duara, zile zinazofanana na sarafu. Mtoto akiimeza na ikanasa kwenye umio, yaani njia ya chakula, mate hukamilisha mzunguko wa umeme na kuzalisha kemikali kali inayounguza nyama laini. Majeraha makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Betri iliyokwisha nguvu ya kuwasha taa bado inaweza kuunguza, kwa hiyo ile uliyoitoa na kuiacha juu ya meza si salama hata kidogo.

Kinachotisha zaidi ni dalili zake. Mtoto anatoka udenda, anakohoa, anakataa kula, anatapika, na mzazi anadhani ni mafua au mafindofindo. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote mwanzoni. Ukikuta betri haipo na huna uhakika ilipo, mpeleke hospitali yenye X-ray hapo hapo, hata kama anacheza vizuri. Usimtapishe, wala usimpe chakula au maji. Aliyezidi mwaka mmoja na anayeweza kumeza anaweza kupewa asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, isizidi mara sita, ikiwa betri imemezwa ndani ya saa 12 zilizopita. Asali hupunguza kasi ya kuunguza tu, hivyo apewe mkiwa njiani. Msisubiri nyumbani kuona kama itasaidia.

Kwa hiyo kifuniko cha betri kiwe kimefungwa kwa skrubu. Kikifunguka kwa kucha, irudishe mezani, hata kama mtoto ameanza kulia. Atanyamaza.

Treni za mbao hazina betri mara nyingi, lakini mabehewa yake hushikana kwa sumaku. Sumaku moja ikimezwa inaweza kupita. Zikiwa mbili, au moja pamoja na kipande cha chuma, huvutana kila moja ikiwa sehemu yake ya utumbo, zikabana kuta na kuzitoboa. Hapo ni upasuaji. Ivute kila sumaku kwa vidole vyako, ikicheza, haifai.

Kuhusu umri, alama ya 3+ kwenye boksi huwaponza wazazi wengi, kwa sababu huisoma kama kipimo cha akili. "Wangu ana miaka miwili ila ni mjanja" si hoja. Mara nyingi alama hiyo inaonya kuhusu vipande vidogo vinavyoweza kumkaba. Nyumbani, chukua bomba la katikati la karatasi ya chooni: gurudumu, abiria au kipande chochote kinachopita ndani yake hakimfai mtoto wa chini ya miaka mitatu.

Rangi nayo isipuuzwe, hasa kwa anayenunua mtumba. Juni 2007, kampuni ya RC2 ya Marekani iliondoa sokoni takriban treni na vifaa milioni 1.5 vya mbao vya Thomas & Friends kwa sababu rangi yake ilikuwa na madini ya risasi, na hiyo ilikuwa chapa maarufu. Risasi huathiri ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Rangi inayobanduka ukiikwaruza ni sababu tosha ya kuiacha.

Ipi basi inunuliwe? Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, treni kubwa ya kipande kimoja, ya kusukuma, isiyo na kamba ndefu. Honi ataipiga mwenyewe kwa mdomo, na hayo ni mazoezi mazuri ya kutamka. Wa miaka miwili hufurahia mabehewa makubwa ya kuunganisha kwa ndoano nene. Reli za kupanga zisubiri miaka mitatu au minne, anapoweza kufikiri kona ipite wapi.

Nyumba yenye watoto wa umri tofauti ina kazi ya ziada: treni ya kaka inachezewa mezani, mdogo akiwa amelala au amebebwa, kisha vipande vinahesabiwa kabla boksi halijapanda juu ya kabati.