Usitupe Gunia, Usitupe Kreti

Mkulima, kila mtu anajua kreti la soda. Chupa tupu hurudishwa dukani, zikapelekwa kiwandani, zikaoshwa na kujazwa tena. Hakuna anayezitupa, maana zina thamani. Fanya vivyo hivyo na vyombo vya mazao yako. Gunia likidumu misimu mitatu umelinunua mara moja. Ukilitupa kila msimu umelinunua mara tatu.

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imekatazwa Tanzania Bara. Vifungashio vya plastiki vya mazao havikukatazwa, kwa hiyo kuvitunza ni juu yetu wenyewe. Lakini angalia sana: chombo kilichotumika huweza kubeba wadudu, ugonjwa au sumu. Fuata kanuni hizi.

1. MAGUNIA YA KATANI. Dumuzi na fukusi hujificha katika nyuzi za gunia kuukuu, kisha hula mahindi mapya. Likung'ute mbali na ghala. Lipindue ndani nje, litumbukize katika maji yanayochemka, na ulianike juani mpaka likauke kabisa. Shona matundu.

2. MIFUKO ISIYOPITISHA HEWA. Ndani yake mna mifuko ya plastiki, na wadudu hufa kwa kukosa hewa. Tundu dogo tu huharibu kazi yote. Kabla ya kuutumia tena, jaza hewa kila mfuko wa ndani, shika mdomo wake, kandamiza na usikilize. Ukisikia hewa ikitoka, usiweke humo nafaka ya akiba.

3. MAKRETI YA NYANYA. Katika tenga la mbao nyanya hukwaruzwa, na za chini hupondwa na uzito wa zile za juu. Kreti la plastiki ni laini, lina matundu ya hewa, na hupangwa moja juu ya jingine bila kuponda nyanya, mradi usijaze kupita ukingo. Bei yake ni kubwa kuliko ya tenga, hivyo faida huja likirudi tu. Liandike jina la kikundi kwa rangi. Mchuuzi aweke amana ya fedha, arudishiwe akileta kreti. Kila lirudipo, lioshe kwa maji na sabuni, maana mabaki yaliyooza hueneza ugonjwa.

4. CHUPA ZA DAWA ZA WADUDU. Hizi usizitumie tena kamwe. Usiweke humo maji, maziwa, mafuta wala mbegu, hata ukiziosha namna gani. Unapochanganya dawa, suuza chupa tupu mara tatu, na maji hayo yamimine ndani ya bomba la kupulizia. Kisha itoboe, uiweke mbali na watoto, na umwulize Bwana Shamba mahali pa kuipeleka. Usiichome wala usiitupe mtoni.

Kabla ya mavuno, toa vyombo vyako vyote nje, vikague na uvihesabu. Nunua vile tu vinavyopungua.