Somo la Afya: Wapimaji Wanapopiga Hodi

Fungueni madaftari yenu. Leo tutajifunza jinsi taifa linavyopima ni watu wangapi wana VVU, yaani virusi viletavyo UKIMWI, na jinsi linavyopima ujuzi wa watu juu ya ugonjwa huo. Tutafanya pia hesabu kidogo.

Huenda siku moja mtu mwenye kitambulisho akapiga hodi nyumbani kwako, akaomba kukuuliza maswali na kupima damu yako. Bila shaka utauliza mambo mawili. La kwanza: "Kwa nini wasihesabu wagonjwa walioko hospitali?" La pili: "Kwa nini mimi, wala si jirani yangu?"

Tuanze na la kwanza. Aendaye hospitali mara nyingi ni yule aliyekwisha kuugua. Lakini mtu mwenye VVU aweza kukaa miaka mingi akilima na kufanya biashara, wala asionekane na dalili yoyote. Huyo hayumo katika daftari la hospitali. Zamani wataalamu walikisia hali ya nchi kwa damu ya wanawake wajawazito waliokwenda kliniki. Njia hiyo ilisaidia, lakini haikuwaonyesha wanaume, wala wazee, wala wanawake wasio na mimba. Kwa hiyo katika mwaka 2003-2004 Tanzania Bara ilifanya utafiti wa kwanza wa kuwafuata watu majumbani mwao.

Sasa swali la pili. Mmewahi kumwona mnunuzi wa mahindi akikagua gunia? Halimwagi lote chini. Huchukua bambo, akachoma juu, katikati na chini, akatoa punje chache akazitazama. Akichoma juu tu, muuzaji mjanja atakuwa amemficha mahindi mabovu chini. Basi utafiti ni bambo la taifa. Nchi imegawanywa na sensa katika maeneo madogo ya kuhesabia watu. Kwanza huchaguliwa maeneo kwa bahati, kama kura, mijini na vijijini. Kisha huandikwa orodha ya kaya zote za eneo hilo, na kaya chache huchaguliwa, vilevile kwa bahati. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja.

Kwa sababu hiyo mpimaji haruhusiwi kuiacha nyumba yako na kuingia ya jirani kwa kuwa jirani ni mkarimu zaidi, au kwa kuwa wewe umekwenda shamba. Hapana budi arudi tena. Kama wote watokao asubuhi kwenda kazini wakiachwa, tutakuwa tumechoma gunia upande mmoja tu.

Mpimaji hupima mambo mawili: yaliyomo kichwani na yaliyomo katika damu. Ya kichwani huyapima kwa maswali. Je, mtu mwenye afya nzuri machoni aweza kuwa na VVU? Je, mbu aweza kuambukiza VVU? Je, mtu aweza kuambukizwa kwa kula sahani moja na mwenye VVU? Jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Majibu ya mawili yaliyofuata ni hapana. Akosaye majibu haya aweza kumtenga ndugu yake bure, au kumwamini mtu kwa kuutazama mwili wake tu.

Katika utafiti ule wa 2003-2004 ilionekana kwamba karibu kila mtu alikuwa amekwisha kusikia habari za UKIMWI. Lakini walio wengi hawakuwa wamewahi kupimwa. Shikeni jambo hili: kujua habari za ugonjwa si sawa na kujua hali yako mwenyewe.

Upimaji wa damu ni hiari. Mpimaji hueleza kwanza, kisha huomba ruhusa, nawe waweza kukataa. Juu ya chupa ya damu huwekwa namba, si jina. Wakati ule wa utafiti wa kwanza watu hawakupewa majibu ya damu yao. Lakini tangu utafiti wa 2016-2017, aliyepimwa hupewa majibu yake kwa siri, naye aliyekutwa na VVU huelekezwa mahali pa kupata dawa.

Haya, shikeni kalamu. Utafiti wa 2022-2023 ulikuta kwamba asilimia 4.4 ya watu wa miaka 15 na zaidi wana VVU. Asilimia maana yake ni kwa kila mia. Lakini hatuwezi kumkata mtu vipande, basi tuhesabu kwa elfu: kati ya watu 1,000, watu 44 wana VVU. Kwa wanawake ni 56 katika 1,000. Kwa wanaume ni 30. Mkoani Njombe ni 127 katika 1,000. Mwaonaje? Hesabu moja ya taifa yaweza kuficha mzigo wa mkoa mmoja. Ndiyo maana bambo huchomwa kila mkoa.

Sasa tuwachukue watu 1,000 wenye VVU. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba 827 kati yao walijua hali yao. Toeni 827 katika 1,000. Mmepata 173. Hao hawakujua. Katika kila 100 waliojua, karibu 98 walikuwa wakitumia dawa. Na katika kila 100 waliotumia dawa, 94 virusi vyao vilikuwa vimefifishwa. Mtu ambaye virusi vyake vimefifishwa mpaka havionekani katika kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Basi, ndugu zangu, hesabu imetuonyesha shida iliko. Wajuao hali yao, karibu wote wamo katika dawa. Waliobaki nje ni wale 173, na wengi wao hujiona wazima. Wala huna haja ya kungoja kura ikuangukie. Kituo cha afya hupima siku yoyote, bila malipo.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini daftari la hospitali halitoshi kuonyesha hali ya nchi?
2. Kwa nini mpimaji hawezi kubadili nyumba iliyochaguliwa?
3. Katika kijiji cha watu wazima 2,000, wenye VVU ni 88. Je, ni wangapi katika kila 1,000?
4. Jirani yako amekataa kula na mwenye VVU. Utamwambia nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.