Safu moja inayogeuza kihami kuwa kipitishi umeme

KUTU inayotafuna mabati ni oksidi, yaani chuma kilichoungana na oksijeni. Oksidi nyingi za metali hazipitishi umeme, na baadhi yazo hutumiwa kama vihami.

Hata hivyo, mwaka 2004 watafiti Akira Ohtomo na Harold Hwang walieleza katika jarida la Nature jambo lisilotarajiwa. Walichukua fuwele ya stronti titaneti, wakaotesha juu yake tabaka jembamba la lanthani alumineti. Vyote viwili ni vihami, lakini pale vilipogusana, umeme ulipita.

Elektroni zilikuwa zimejikusanya katika utando mwembamba mno. Ziliweza kwenda mbele na nyuma, kushoto na kulia, wala si juu na chini. Ndiyo maana utando huo huhesabiwa kuwa na urefu na upana tu, bila kina.

Mwaka 2006, kundi la Jochen Mannhart mjini Augsburg, Ujerumani, lilibainisha kwamba unene ndio unaoamua. Lanthani alumineti ikiwa na safu tatu, umeme haupiti. Ikiongezwa ya nne, unapita. Safu zote nne hazifikii nanomita 2, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Chanzo ni nini? Maelezo mamoja ni kwamba chaji hulimbikizana kila safu inapoongezwa, hadi elektroni zikalazimika kuhamia mpakani. Wengine hutaja mapengo yaliyoachwa na atomi za oksijeni zilizotoweka. Mjadala ungalipo.

Kilicho muhimu zaidi ni kuwa safu tatu zinaweza kugeuzwa kipitishi kwa volti pekee. Mwaka 2008, kundi la Jeremy Levy wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, lilitumia ncha ya hadubini yenye volti kuchora nyaya za upana wa nanomita chache, kisha likazifuta kwa kugeuza volti hiyo.

Simu na kompyuta huendeshwa na transista, ambazo ni swichi ndogo za silikoni. Kadiri zinavyosongamanishwa, ndivyo joto linavyokuwa kikwazo. Swichi inayochorwa na kufutwa upya ni jambo ambalo transista ya kawaida haiwezi.

Lakini silikoni haijapata mrithi. Katika joto la kawaida, elektroni za mpaka huo husafiri polepole mno kuliko zile za silikoni. Kazi iliyobaki ni kuziongezea kasi.