Sumu Inayokamilishwa Tumboni

Kwenye maeneo ya mtama, kuanzia Singida hadi Kitui, wafugaji wana mwiko mmoja: shamba lililovunwa, likapigwa na jua, kisha mashina yakachipua upya kwa mvua za kwanza, usiingize ng'ombe. Chipukizi zile ni laini, za kijani kibichi, na ng'ombe aliyetoka kiangazi na mbavu nje huzifakamia. Baada ya muda mfupi, pengine dakika chache, anatweta mdomo wazi, anapepesuka, anaanguka, miguu inakakamaa. Akipasuliwa papo hapo, damu yake ni nyekundu ang'avu isivyo kawaida. Hapo ndipo maneno huanza: jirani ametega sumu.

Jirani hana hatia, na mtama wenyewe una nusu tu ya hatia. Katika chipukizi iliyosimama shambani sumu haikuwemo. Ilitengenezwa ng'ombe alipofunga taya.

Mtama mchanga umejaa kitu kiitwacho dhurini, yaani sukari iliyoshikamana na kiini cha sianidi. Mmea huihifadhi dhurini katika vifuko vya seli za ngozi ya jani, na kimeng'enya cha kuivunja hukaa katika seli za ndani. Mradi jani ni zima, viwili hivi havikutani. Meno yakilisaga, kuta hubomoka, kimeng'enya huikata sukari, na sianidi hutoka kama gesi. Ni silaha ya bei nafuu: mmea haujiui, maana risasi ziko chumba hiki na bunduki chumba cha pili.

Unaweza kuiona kazi hiyo kwa macho. Katakata majani machanga, yaponde, yatie kwenye chupa yenye kifuniko, kisha ning'iniza ndani ukanda wa karatasi uliochovywa kwenye asidi ya pikriki na magadi. Karatasi huanza ikiwa ya njano. Ukiiacha chupa mahali penye joto, rangi inageuka machungwa kwanza, halafu hudhurungi nyekundu kama tofali. Maofisa mifugo wametumia kipimo hiki kwa miaka mingi, na ni rahisi kuliko kubishana na jirani.

Tumbo la kwanza la ng'ombe ndilo humaliza kilichoanzwa na meno. Mle mna joto la takriban nyuzi 39, maji tele, na bakteria wenye vimeng'enya vyao wenyewe vya kuikata dhurini iliyoponyoka. Farasi na nguruwe wana nafuu, kwa sababu tumbo lao linaanza na asidi kali inayoharibu vimeng'enya hivyo mapema. Mnyama anayecheua hana kinga hiyo. Sianidi ya takriban miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito humtosha kufa; kwa ng'ombe wa kilo 250 hiyo ni nusu gramu. Huzuia seli zisitumie oksijeni, ndiyo maana damu hubaki nyekundu: oksijeni imo, imekosa mpokeaji.

Hata hivyo, ini lina namna ya kuiunganisha sianidi na salfa na kuitoa kwenye mkojo, na hiyo hufanyika mchana kutwa bila mnyama kujua. Kwa hiyo kinachoua si kiasi peke yake, ni kasi. Ng'ombe aliyeshiba nyasi kavu kwanza anaweza kung'ata machipukizi yaleyale yaliyomwangusha mwenzake mwenye njaa. Daktari wa mifugo akiwahi, dawa mojawapo anayochoma ni thayosalfeti ya sodiamu, ambayo kimsingi ni kuliongezea ini salfa. Ushauri wa kusubiri mtama ufike angalau sentimita 60 ndipo ulishwe, au ukaushwe vizuri kwanza, una maana ileile: mmea ukikua dhurini hupungua, na ukikauka sehemu yake hupotea. Akina mama wanaoloweka na kuanika muhogo mchungu wanapambana na ndugu wa kemikali hiyohiyo.

Kuna mimea mingine ambayo ujanja wake unakwenda mbali zaidi, hadi ndani ya seli ya mnyama. Kaskazini mwa Afrika Kusini kuna kichaka kifupi kiitwacho Dichapetalum cymosum. Kinachoonekana juu ya ardhi ni majani machache tu. Mti wenyewe umelala chini ya udongo, na mizizi yake inafika kwenye unyevu ambao nyasi haziufikii. Hivyo mwishoni mwa kiangazi, malisho yote yakiwa rangi ya vumbi, hicho ndicho kitu cha kwanza kuchipua. Mwaka 1944 mkemia J. S. C. Marais, wa kituo cha utafiti wa mifugo cha Onderstepoort karibu na Pretoria, alieleza sumu yake: floroasetati, molekuli ndogo sana yenye atomu moja ya florini. Tanzania nayo ina jamaa yake, Dichapetalum braunii. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1993 vilikuta mbegu zake zina takriban miligramu 8 za floroasetati kwa kila gramu, miongoni mwa viwango vikubwa kabisa kuwahi kupimwa katika mmea.

Floroasetati yenyewe, ukiiweka kwenye bomba la majaribio pamoja na vimeng'enya vya mwili, haidhuru karibu chochote. Hilo liliwatatiza wanasayansi mpaka Rudolph Peters na wenzake wa Oxford walipoonyesha kinachotokea. Seli huipokea molekuli hiyo ikidhani ni asetati, mafuta yake ya kila siku, na kuiingiza kwenye mtambo wa kuzalisha nguvu. Humo inageuzwa kuwa florositrati, na huyo ndiye muuaji, anayekwamisha kimeng'enya kimoja muhimu mpaka mtambo wote unasimama. Mnyama amejiundia sumu kwa bidii yake mwenyewe. Moyo, ambao haupumziki, ndio huanguka mapema. Wafugaji wa kaskazini mwa Afrika Kusini wanajua kwamba mnyama aliyekula majani ya kichaka kile hafukuzwi wala hapelekwi mtoni: akitembezwa au akinywa maji mengi huanguka palepale. Bora akae kivulini, kimya.

Lakini viumbe huzoea. Kusini magharibi mwa Australia, ambako mimea ya jamii ya kunde iitwayo Gastrolobium ina floroasetati, aina moja ya posamu huvumilia dozi inayozidi mara 100 ile inayomwua posamu wa aina hiyohiyo wa upande wa mashariki. Ni mnyama mmoja, nchi moja. Tofauti ni vizazi vingi vya kuishi na jani lile.

Tanini inafanya kazi kwa njia ya wazi zaidi, na sifa yake nzuri haisemwi vya kutosha. Ni ule ukakasi unaokausha ulimi kwenye chai ya rangi iliyokaa jikoni. Hung'ang'ania protini, ndiyo maana magome ya mikoko ya pwani yetu yalisafirishwa ng'ambo kwenda kudabaghi ngozi. Mgunga nao umejaa tanini majanini, na mbuzi anauchuma kwa midomo yake myembamba, jani moja moja kati ya miiba. Tanini kiasi inamfaa: hushika sehemu ya protini ili isimalizwe na bakteria wa tumbo la kwanza, ikamfikie mnyama mbele kwenye utumbo. Ikizidi, chakula hupita bila faida na mnyama hukonda tumbo likiwa limejaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, tandala wengi walikufa ndani ya mashamba ya wanyamapori ya Transvaal, Afrika Kusini, wakati wa ukame. Wouter van Hoven wa Chuo Kikuu cha Pretoria alihusisha vifo hivyo na tanini ya miti ambayo wanyama, wakiwa wamezungushiwa uzio, walilazimika kuirudia. Madai yake mengine, kwamba miti hupashana habari kwa hewa, bado yanabishaniwa. Hoja ya uzio mimi naiona nzito zaidi. Twiga aliye huru hula hapa kidogo, akahamia kule. Tandala wale hawakuwa na kule.

Lusina, mti wa malisho ulioletwa kwetu ukitokea Meksiko na Amerika ya Kati, una kisa cha kufurahisha kuliko vyote. Majani yake yana protini nyingi, ila yana pia mimosini. Bakteria wa tumbo la kwanza huibadilisha mimosini kuwa kemikali nyingine, kwa kifupi DHP, inayovuruga tezi ya shingo. Ng'ombe wa Australia walioshindishwa lusina walinyonyoka manyoya, wakachuruzika mate, tezi zikavimba, uzito ukashuka. Raymond Jones, mtafiti wa malisho wa Townsville, alishangaa kuona mbuzi wa Hawaii wakila mti huohuo bila shida. Alipima mkojo wao: DHP karibu hakuna. Kulikuwa na kitu tumboni mwao kilichoila.

Mapema miaka ya 1980 Jones na wenzake walichukua vijidudu vya matumbo ya mbuzi wa Hawaii, wakavipeleka Australia na kuvitia matumboni mwa wanyama wa huko. Wagonjwa walipona, na vijidudu vikasambaa kundini kutoka mnyama hadi mnyama. Mwaka 1992 bakteria anayeila DHP alipewa jina rasmi, Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones. Wafugaji wa Queensland baadaye waliweza kununua mchanganyiko wa vijidudu hivyo na kuwanywesha ng'ombe wachache, waliobaki wakaupata wenyewe malishoni.

Miaka ya karibuni kisa hiki kimepata mkia. Bakteria huyo ameonekana katika nchi nyingi ambako hakupelekwa na mtu, na ini nalo limekutwa likiifunga DHP na kuitoa kwenye mkojo ikiwa haina makali. Katika kisiwa cha Sumbawa, Indonesia, madume ya ng'ombe hunenepeshwa kwa lusina karibu tupu. Wanaoingizwa wapya zizini husumbuka wiki za mwanzo, wanadondosha mate na kususa chakula. Kisha hutulia, na kuanzia hapo uzito hupanda hadi siku ya mnada.